Attracta Hakuulizwa Mara ya Tatu

"Nimekata tiketi ya meli. Alhamisi nahamia kwa kaka yangu Uingereza. Utanitunzia mbwa?"

Attracta alisoma ujumbe huo wa Malachy nje ya kanisa, misa imetoka sasa hivi. Mbwa! Miezi kumi na nne anamsubiri Malachy, leo anaachiwa mbwa.

Na mwenyewe yuko palepale, kando ya ziwa, anajifanya kukagua tairi la trekta.

— We Malachy! Mimi nimekuwa banda la mbwa?

— Taratibu, Padri anasikia.

— Na asikie! Mwaka jana ulinipeleka ziwani kwa mtumbwi, ukaniuliza kama nitakubali unioe. Uongo?

— Kweli. Ukasema, "Aa, hapana, usijisumbue."

— Ukafanyaje?

— Nikapiga makasia, nikakurudisha kwenu.

— Njia nzima unanisimulia ndama anayehara!

— Ulinikataa, Attracta. Ulitaka nikuimbie?

Attracta akafumba macho, akamwomba Mungu subira.

— Jana jikoni kwangu nilikukaribisha chai. Ulisemaje?

— Hapana, nimeshiba.

— Nikakukaribisha tena.

— Nikasema usijisumbue.

— Mara ya tatu?

— Nikasema haya, kidogo tu.

— Ukanywa vikombe vinne! Ulikuwa umeshiba?

— Njaa ilikuwa inaniua. Lakini mtu mwenye adabu hakubali mara ya kwan…

Masikio ya Malachy yakawa mekundu.

— Lakini ile ni chai, Attracta!

— Na mimi sikulelewa? Nikurukie mara ya kwanza, kama sijawahi kuona mwanamume?

Malachy akavua kofia.

— Attracta, utakubali nikuoe?

— Aa, hapana. Wewe una safari yako.

Mdomo ulisema hivyo kwa mazoea. Moyo ulimwenda mbio.

— Nakuomba. Utakubali?

— Usijisumbue, bwana.

Malachy akatazama ziwa. Akatazama tairi. Mkono ukagusa ufunguo wa trekta, Attracta akapiga hatua mbele. Mungu wangu, huyu mtu anaondoka tena!

— Malachy, ukiliwasha hilo trekta…

— Ngoja, mwanamke, navuta pumzi! Attracta, kwa mara ya tatu: nikuoe?

Attracta akakunja rozari yake, akaitia mfukoni bila haraka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

— Haya, — akasema. — Kidogo tu.