Safu ya Kwanza

Walikutana wakigombea kitabu. Ilikuwa mchana, mbele ya posta, watu wamejaa tele kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba. Mshona sare za shule alishika jalada upande huu. Upande wa pili kulikuwa na mkono wenye grisi, wa fundi wa lifti.

"Nimekiona kwanza!"

"Fukuza Wasiwasi kwa Siku Tisa," fundi alisoma, akacheka. "Haya, chukua bibie. Siku ya kumi unipigie." Akaandika namba yake ndani ya jalada.

Siku ya kumi mshona sare alimpigia kweli, ili amtukane.

"Kitabu chako upuuzi mtupu! Eti nijichekee kwenye kioo kila asubuhi!"

"Changu? Si ulininyang'anya?"

Mshona sare akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Ndivyo penzi lilivyoanza. Lakini kucheka hakukumponya. Moyo ulimwenda mbio bila sababu, na kila usipotulia, kaka yake alimwambia ajikaze, kana kwamba alikuwa amelegea kwa kupenda. Maneno hayo yalimtia hasira kuliko ugonjwa wenyewe.

Mshauri wa zahanati ndiye aliyempa kazi ya maana: daftari lenye safu tatu. Wazo. Ushahidi. Jibu.

"Wazo ni mtuhumiwa," mama yule alimwambia. "Usiliamini kabla hujalihoji."

Jumanne moja fundi alipita dukani kuchukua suruali yake iliyotiwa zipu mpya. Mshona sare alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi, akaitikia hodi yake na kumwambia asubiri. Alipotoka, suruali ipo, mwenyewe hayupo, na daftari li wazi juu ya meza ya kukatia.

Siku tatu alipiga simu bila kupokelewa. Alichokiogopa kuliko vyote, kuachwa, kilikuwa kimefika. Siku ya nne simu ikapokelewa.

"Umepotelea wapi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. 'Huyu ananihurumia tu. Afadhali nimwache kabla hajaniacha.' Mwandiko wa nani huo?"

Damu ikamchemka. "Umesoma daftari langu?"

"Lilikuwa wazi."

"Hata mlango wa choo huwa wazi, ndiyo uingie tu? Na ulisoma safu ngapi?"

"Moja ilinitosha." Akakata.

Mshona sare hakubadili nguo. Alitoka na gauni la njano ambalo pindo lake bado lilishikwa na pini, tepu ya kupimia shingoni, daftari mkononi, mpaka jengo la ofisi ambako fundi alikuwa kazini. Ukumbini watu walisubiri lifti moja iliyobaki nzima. Kwenye ile mbovu miguu ya fundi ilikuwa imechomoza nje.

"Toka humo!"

Watu wote wakageuka.

"Kichwa changu kinanidanganya toka asubuhi hadi jioni! Nimejifunza kuuandika uongo huo ili niuhoji. Wewe umesoma uongo, ukamwacha shahidi mlangoni! Soma safu ya pili. Kwa sauti!"

Fundi akajitokeza, akapokea daftari. "'Nilipotetemeka dukani alifunga mlango, akakaa nami sakafuni. Hakuniambia nijikaze.'" Akateremsha kidole. "'Hunipigia saa ya chakula hata akiwa hana la kusema.'"

Mlinzi akapunguza sauti ya redio yake.

"Endelea! Ya tatu!"

Akasoma polepole: "'Hanihurumii. Ananipenda. Akiniuliza, nitakubali.'"

Mstari huo wa mwisho mshona sare alikuwa ameusahau kabisa. Aibu na hasira vikampanda pamoja, akampokonya daftari.

"Hiyo haikuhusu!"

"Inamhusu nani mwingine?" Fundi alifuta grisi mikononi. "Nimekosa, mpenzi. Nisamehe. Utakubali nikuoe?"

"Nimekukasirikia mpaka meno yananiuma!"

"Kasirika, ni haki yako. Lakini nijibu."

"Jibu si umeshalisoma, mjinga wewe?"