Kitaa Kilichogeuzwa Miguu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mianzi, na Hilario Lezama alikuwa amebakiza vitaa viwili tu vya dashibodi kumaliza kazi.

Gari lilikuwa la jirani yake, Deosaran Maraj, dereva wa teksi ya kutoka kijiji chao cha Biche kwenda mji wa Rio Claro. Dashibodi ilikuwa imekufa giza, hata Deosaran akazoea kuwasha kiberiti ili aone kama mafuta yapo. Hilario alikuwa amezing'oa balbu za zamani, nyeusi kama mbegu za papai, na mahali pake akalehemu vitaa vidogo vya LED, kimoja baada ya kingine, kwa risasi ya kulehemia na mkono usiotetemeka. Kazi hiyo haina siri ila moja. Kitaa cha namna hiyo kina miguu miwili, mrefu na mfupi, na umeme huingia kwa ule mrefu tu. Ukikigeuza miguu hakiwaki. Hakiungui wala hakitoi moshi. Hukaa kimya kama maiti.

"Fundi," alisema Deosaran, ameegemea boneti, "hizo taa zitawaka leo, au nikaazime mshumaa kanisani?"

"Mhindu wewe, kanisani watakupa mshumaa?"

"Nitabatizwa papo hapo mlangoni. Mshumaa nao ni mshumaa."

Jikoni, mke wa Hilario, Merlene, alichungulia dirishani. "Doudou! Njoo ndani, giza linaingia!"

Binti yao mdogo alikatiza uwanja, amekumbatia kopo tupu.

"Miaka minne ua wangu umepakana na wenu," Deosaran akasema, "na kwa kuwa mchana niko barabarani, jina halisi la mtoto huyu sijalisikia."

"Na leo hulisikii. Huoni jua liko wapi?"

Deosaran alicheka, lakini si kwa muda mrefu. Biche hakuna mzazi anayeliita jina la mtoto nje jua likishashuka. Jina la ubatizo ni la mchana, au la ndani ya nyumba. Jioni mtoto huitwa jina la mapenzi tu, kama Doudou. Maana jioni hutoka dwen, watoto waliokufa kabla maji ya ubatizo hayajawagusa. Wana kofia pana za majani makavu. Hawana macho wala pua, mdomo tu. Na nyayo zao zimetazama nyuma. Hukaa ukingoni mwa msitu wakisikiliza. Wakilipata jina hujifunza kulitamka, kisha hulitamka kwa sauti ya mama, na mtoto huinuka akawafuata.

"Naenda dukani kunywa kimoja," Deosaran akasema. "Nikirudi niikute inang'aa."

Hilario alilehemu vile viwili vya mwisho upesi, maana mwanga ulikuwa unamkimbia. Akairudisha dashibodi mahali pake. Akaziunga nyaya kwenye betri aliyoiweka chini kando ya mlango, akazungusha ufunguo.

Ikawaka.

Mwanga mweupe wenye ubuluu, mpole, kama mbalamwezi iliyofungiwa ndani ya kioo. Geji ya mafuta peke yake ilibaki giza; kitaa chake alikuwa amekigeuza miguu kwa haraka ile. Hakujali. Wiki nzima binti yake alikuwa akimwuliza, "Baba, nyota zitawaka lini?" Sasa zilikuwa zimewaka, na furaha ikamsahaulisha yote.

"Rosalind!" akaita. "Rosalind, njoo uone!"

Vyura wakanyamaza.

Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka, ukazunguka sakafuni, ukatulia. Uso wa Merlene ukatokea dirishani.

"Hilario..." alinong'ona. "Umeita nini?"

Hilario alikuwa akisikiliza. Upande wa mianzi palikuwa na sauti ndogo, ikijaribu-jaribu, kama mtoto anayefundishwa kusoma.

"Ro... sa..."

Ikaja harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa.

"Rosa... lind."

"Doudou yuko wapi?" Hilario akauliza.

"Si amekuja kwako? Umemwita!"

Gauni jeupe lilikuwa limeshapita majani ya magimbi. Mtoto alitembea upesi, mkono mmoja ameunyoosha pembeni, kana kwamba umeshikwa. Hilario akaruka kutoka garini. Mguu wake ukanasa kwenye nyaya, zikang'oka kwenye betri. Alimpata bintiye hatua chache kabla ya mianzi, akamnyakua.

"Niache, mama ananiita!"

"Mama yuko ndani."

"Huyo siye," mtoto akasema. "Mama yule kule."

Alimpitisha dirishani mikononi mwa Merlene. "Funga. Usifungue mpaka nikwambie."

"Na wewe?"

"Jina liko nje, Merlene. Watamwita nalo kesho, watamwita nalo keshokutwa. Siku moja sitawahi."

Dirisha likafungwa. Hilario akageuka kulitazama gari. Nyaya zilikuwa zimelala topeni, mbali na betri. Dashibodi nzima ilikuwa giza.

Ila geji ya mafuta.

Kitaa kilichogeuzwa miguu kilikuwa kinawaka.

Akasogea. Harufu ya udongo ilizidi. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na kofia pana ya majani makavu, na chini ya kofia palikuwa na mdomo mdogo, uliofunguka kidogo. Miguu mitupu ilining'inia kitini. Visigino vilikuwa mbele.

"Rosalind," ule mdomo ukasema. Safari hii haukukosea.

Hilario akakumbuka mwaka ule wa mafuriko, kabla Doudou hajazaliwa. Merlene alijifungua mtoto wa kiume. Padri alizuiwa na maji ng'ambo ya daraja. Alfajiri mtoto akawa ameshapoa. Katika ukoo wa Lezama, baba huchagua jina na kulitunza moyoni, na hulitamka mara ya kwanza mbele ya maji. Mtoto yule alizikwa bila jina. Jina alilomchagulia Hilario hakumwambia mtu, hata Merlene hakumwambia.

Kando ya betri palikuwa na chupa ya maji ya kuijazia, yale masafi yaliyochujwa. Akaiokota.

"Hilo si lako," akanong'ona. "Hilo ni la dada yako. Lako nimelitunza mimi."

Akamimina maji juu ya kofia.

"Eusebio. Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mdomo ukabaki wazi. Maji yakatiririka.

"Eu... se... bio."

Kitaa kikazimika.

Kiti kilikuwa kitupu, kimelowa. Vyura wakaanza tena, mmoja, kisha wote. Hilario alirudi nyumbani kama watu wa kule wanavyorudi gizani, kinyumenyume, uso umeelekea msitu, ili kisije kitu kikamfuata mgongoni. Hakuona kitu. Akaingia, akafunga mlango.

Asubuhi Deosaran alifuata gari lake, macho mekundu. Akasimama katikati ya uwanja.

"Fundi, jana uliingia kinyumenyume? Umekuwa bibi kizee?"

"Ni desturi tu."

"Na Doudou naye umemfundisha?"

Hilario akatazama topeni. Alama za viatu vyake zilitoka garini hadi kizingitini, ncha zimeelekea msitu. Kando yake, hatua kwa hatua, zilikuwapo nyayo ndogo za miguu mitupu, nazo vidole vimeelekea msitu. Doudou alipitishwa dirishani. Hakukanyaga pale.

Aliyeacha nyayo zile hakuwa akirudi nyuma. Alikuwa akitembea mbele, sambamba naye.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya binti yake, imechangamka.

"Mama, bado kikombe cha Eusebio."

Merlene akatokea mlangoni, birika la kakao mkononi, rangi imemtoka.

"Hilario," akasema polepole. "Eusebio ni nani?"

Hilario alizitazama zile nyayo ndogo mpaka mahali zilipokomea, ndani ya mlango wake.

"Mmiminie," akasema.