Gundi Iliyogoma Kukauka

Mkaguzi wa boti alikuwa amelala kifudifudi chini ya ngazi, kofia bado kichwani. Watu waliovaa suruali nyeupe walikuwa wamemzunguka, wakilalamika kwamba shughuli ya kuzindua boti, saa kumi jioni, itachelewa.

Inspekta aliwafukuza wote.

Boti ilisimama nchi kavu juu ya nguzo za chuma: boti ya tanga, ya faibaglasi, umri miaka arobaini, imepigwa rangi mpya kuficha uzee. Mwenyewe alikuwa mkurugenzi mstaafu. Alivaa kofia ya unahodha, ingawa hakuwahi kufika mbali kuliko mwisho wa gati.

"Ameteleza," Mkurugenzi alisema. "Mzee wa miaka sabini anapanda ngazi kutafuta nini?"

"Kukagua boti yako."

"Haikuhitaji kukaguliwa, bwana."

Daktari wa polisi alimvua marehemu kofia. Kisogoni palikuwa na jeraha la duara, dogo kama kizibo cha soda. Kofia yenyewe haikuwa na mkwaruzo.

"Amepigwa kwanza, akavishwa kofia baadaye," daktari alisema.

Ndani ya mkoba wa marehemu mlikuwa na nyundo yake ndogo. Imeoshwa. Nyundo ya mtu wa kazi, inameta kama kijiko cha wageni.

Koplo alikuwa ameshamtia mtu pingu: Mama Gundi, fundi wa faibaglasi wa hapo hapo karakanani. Jana marehemu alikataa kupitisha kazi yake, naye akapiga kelele kwamba atampasua kichwa. Mashahidi kumi na mmoja. Mkuu wa kituo naye alishapiga simu: adhuhuri mama yule awe amefunguliwa shtaka la mauaji. Mkuu wa kituo alipenda kesi zinazokwisha kabla ya chakula.

"Ulisema utampasua kichwa?" Inspekta aliuliza.

"Kila wiki, afande. Miaka ishirini. Yeye akiniita mpaka matope, eti napaka tu kama wa kuta za udongo. Na chai tulikunywa pamoja."

"Asubuhi hii ulikuwa wapi?"

"Karakanani. Peke yangu. Ndiyo maana nimevishwa bangili hizi."

"Boti hii umeitengeneza wewe?"

Mama Gundi alicheka kwa pua. "Mimi? Mwenyewe anasema mafundi tunapoteza muda. Kajifunza kwenye simu, kajitengenezea."

"Panda unionyeshe."

Ndani mlinuka rangi. Mama Gundi alionyesha kwa mikono miwili, maana pingu hazikumpa nafasi ya kutumia mmoja. "Mlingoti unashikwa na nyaya. Nyaya zinashikwa na mabamba ya chuma. Mabamba yamefungwa kwa bolti kwenye hizi mbavu, plaiwudi iliyovishwa faibaglasi. Plaiwudi ikinyonya maji inaoza ndani kwa ndani, nje unaona urembo tu. Upepo ukivuta, bamba linang'oka, mlingoti unawashukia watu."

"Marehemu alijuaje iliyooza?"

"Anagonga kwa nyundo. Nzima inalia kavu. Iliyooza inafanya puu. Akiisikia, anachora duara kwa kalamu nyekundu ya nta, anaandika tarehe, anatoboa tundu dogo aone maji."

Inspekta alifungua kabati la kushoto, akagusa ubavu uliokuwa nyuma yake. Kidole kikanasa. Chini ya utando laini unaopitisha mwanga kulikuwa na duara jekundu, tarehe ya leo, na tundu.

"Hii imepakwa leo, baada ya marehemu kuandika."

"Na haitakauka," Mama Gundi alisema, akiibonyeza. "Gundi hii, epoksi, inapimwa kwenye mizani, utomvu na kigumishi. Ukizidisha kigumishi inabaki gundi ya panya mpaka kiama. Ile nyingine, ya matenki ya maji, ukiongeza kigumishi inawahi kukauka. Asiyejua anadhani zote ni dada."

"Huenda umezidisha wewe, makusudi."

"Ili iweje, afande? Boti yangu?"

Inspekta alishuka, akamkuta Mkurugenzi akipangusa viatu.

"Mzee, kazi ya mle ndani ni safi sana."

Mkurugenzi alivimba. "Umeona, eh?"

"Ila Mama Gundi anasema ni yake."

"Yule! Yule mpaka matope!"

"Anasema hata ya leo, ya kabati la kushoto, ameiweka yeye."

"Mwongo mkubwa! Nimeiweka mimi, kwa mikono hii! Nimetia kigumishi mara mbili iwahi kukauka kabla ya wageni—"

Kofia ya unahodha ilionekana kubwa ghafla.

"Chini yake kuna mwandiko wa marehemu, wa leo," Inspekta alisema. "Ulipopaka juu yake alikuwa hai?"

Mkurugenzi aliketi kwenye ngazi.

"Aligonga mara tatu, akacheka," alisema. "Akaniambia hata mwanafunzi wa wiki moja angekata plaiwudi iliyooza kabla ya kuifunika. Akasema jioni atawaambia wageni wasipande. Mbele ya watu niliowaongoza miaka kumi na tisa! Alipoinama kutoboa, nikachukua nyundo yake."

"Kisha?"

"Nikamburuta, nikamwachilia aanguke pale ngazini."

"Na kofia?"

"Damu ilikuwa inaonekana vibaya."

"Ukapanda tena kupaka gundi, ili jioni uwapandishe wageni."

"Upepo wa leo ni mdogo," Mkurugenzi alisema.

Koplo alihamisha pingu. Mama Gundi alisugua vifundo vya mikono, akaenda kumfunika mzee wake kwa turubai safi. Huko ndiko alikolia.

Kituoni, Mkurugenzi alivaa miwani akasoma maelezo yake polepole, kama bado ana ofisi. Kalamu ikasimama.

"Hapa. 'Nilizidisha kigumishi kwa kutojua kazi.' Futa."

"Si umesema mwenyewe?"

"Kuua nimeua, andika, nasaini. Hilo la gundi liache, bwana. Litasomwa mahakamani, mbele ya watu."

Inspekta alimtazama kama mtu anayetazama kilichomganda kwenye soli.

"Koplo," alisema, "ongeza mstari. Andika: na mpaka sasa haijakauka."