Kati ya Mageti Mawili

Watalii wakifika mjini kwetu swali lao ni moja: huku mpakani kuna usalama? Mimi huwajibu kabla hawajamaliza. Usalama upo, ukiwa na mimi. Shule niliiacha mapema, sawa, lakini hakuna msomi anayesukuma mkokoteni wa mizigo kunishinda, na ukibisha njoo tushindane. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mvushaji. Yeye anatangulia na wageni, anawasemesha vilugha vyao, mimi nafuata na masanduku. Haya yalimpata yeye, na nilikuwepo.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua, foleni fupi, wauza vocha wakitaniana. Mgeni wetu alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, kamera shingoni, chupa ya maji mkono huu, mwavuli na pasipoti mkono ule.

"Kijana, niambie ukweli, nitafika salama?" aliniuliza.

"Mama, hapa hata mbu wanapiga hodi kwanza."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Akagongewa muhuri wa kutoka, tukaingia barabara ya katikati.

Wewe ambaye hujawahi kuvuka nikueleze: geti moja liko nyuma, lingine liko mbele, na katikati kuna kipande cha lami chenye seng'enge huku na huku. Pale umeshatoka nchi moja na hujaingia nyingine. Wavushaji wana sharti lao: pasipoti ya mgeni haitoki mkononi mwa mgeni mpaka dirisha la pili. Sababu hakuna anayeisema. Mimi nilidhani ni mambo ya wizi.

Mama akataka kupiga picha ndege waliotua kwenye waya. Mikono haikumtosha. Kaka, kwa roho yake nzuri, akaichukua ile pasipoti akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Kaka, sharti," nikamwambia.

"Hatua chache tu, dogo. Sukuma mzigo, acha umbea."

Nikasukuma. Geti la mbele lilikuwa pale, naliona, namwona hata askari akijikuna shingo. Tukaenda. Tukaenda sana. Askari bado anajikuna. Mama akamaliza maji yake. Nikatazama nyuma, geti la nyuma nalo liko mbali vile vile. Na ndege kwenye waya walikuwa wale wale, vichwa vyote vimegeukia kwetu.

"Turudi," kaka akasema polepole.

Tukageuka. Tukatembea. Ikawa hivyo hivyo.

Ndipo nikawaona watu. Kabla ya hapo hawakuwepo. Wamesimama kando ya seng'enge, na masanduku ya mitindo ambayo hata babu yangu hakuikuta. Kila mmoja amenyoosha kiganja kitupu, kama mtu anayeonyesha pasipoti dirishani. Masanduku yao yalikuwa na vivuli. Wao hawakuwa navyo.

Mzee mmoja mwenye suti ya kahawia akamsogelea kaka.

"Yangu alinishikia dereva," akanong'ona. "Alisema hatua chache tu. Umemwona?"

Mimi huyu ninayeitwa Chuma pale getini, nilijibanza nyuma ya mkokoteni. Cheka tu. Ungekuwa wewe, suruali ingekusaliti.

Kaka akamrudishia mama pasipoti, akamfumba vidole juu yake. "Nenda, mama. Usigeuke."

Mama akapiga hatua, na geti likamsogelea. Kaka akainua mguu amfuate. Hakusogea. Yule mzee alikuwa ameshika kitambulisho cha kaka, kile ambacho sisi wa mpakani tunavukia badala ya pasipoti. Sikumwona akikichomoa. Alitabasamu kwa haya, kama mtu aliyepishwa kiti, akamfuata mama. Geti likawafungukia wote wawili.

Viganja vilivyobaki vikanigeukia mimi. Kitambulisho changu nikakibana kwa meno.

Kaka alikuwa anatembea. Anatembea, jasho linamtoka, yuko palepale.

"Mdogo wangu," akanong'ona. "Usiniache."

Nikawaza kama msukuma mkokoteni, si kama msomi. Mzigo hauna pasipoti. Mzigo hupita tu. Nikamlaza kaka katikati ya masanduku, nikamfunika turubai, nikakaza kamba. Nikasukuma. Geti likaanza kuja.

Mkokoteni ulikuwa mzito. Mzito kuliko kaka na masanduku pamoja. Chini ya turubai kitu kilikuwa kinagonga ubao taratibu. Sikutazama.

Afisa wa forodha akanisimamisha, chaki mkononi.

"Humu mna nini?"

"Mzigo, afande."

Akaweka kiganja juu ya turubai. Akakaa nacho pale.

"Mbona una joto?"

"Jua, afande."

Akanitazama. Akachora msalaba wa chaki juu ya turubai, alama ya mzigo uliokaguliwa. Pita.

Nilifungua kamba nyuma ya ghala. Turubai lilikuwa safi, halina chaki hata chembe. Kaka alikuwa macho wazi. Msalaba ulikuwa kwenye shingo yake, kwa nyuma.

Nilimtoa, ndiyo. Lakini aliingia kama mzigo, na mzigo hukaa ulipowekwa. Ukimweka ukutani, yuko ukutani. Ukimweka mlangoni, watu wanamruka. Mama yetu anamlisha kwa kijiko.

Yule mgeni alinitumia ujumbe wa sauti. Nikauweka kwa sauti ya juu, kaka naye asikie. "Kijana, nimewaambia wenzangu wote mji wenu ni salama ajabu. Na kaka yako ni mpole mno. Amenisindikiza mpaka nyumbani kwangu. Yuko hapa sebuleni na suti yake, anawasalimu. Anauliza utakuja lini na mkokoteni."

Kaka hakugeuka. Machozi tu yalimshuka, yakaingia kwenye kola.

Nimempigia yule mama mara nyingi. Simu inaita, inapokelewa, haisemi.

Ile chaki mama yetu huisugua kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi. Inatoka. Kesho yake ipo tena. Leo nilikuwa nimeinama nakunywa chai, nikahisi kitambaa kibichi kwenye shingo yangu, kwa nyuma. Mama anasugua. Nikamuuliza kuna nini. Maji meupe ya chaki yakadondokea kikombe changu, akaendelea kusugua.