Mafuta ya Pilipili Ndani ya Pikapu

Jumamosi kwangu mimi si siku ya kulala. Saa mbili asubuhi Baba keshapiga honi chini ya ghorofa letu, nami nateremka ngazi mbili mbili, andazi mdomoni. Tunakwenda soko la Shahe kupakia marobota ya nguo ambayo Baba huyasafirisha Unguja. Baba yangu, Mzee Mwadini, amekaa Guangzhou miaka mingi, lakini anajua Kichina cha sokoni tu: kumwita bosi "laoban", kuuliza bei na kukataa. Zaidi ya hapo, mdomo wake ni mimi, Dalila, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

"Simu siku hizi zinatafsiri, Mwadini," rafiki yake Abdulsalam humwambia.

"Simu ya nini? Ninaye Dalila!" Baba hujibu kwa sauti, ili duka zima lisikie. Kichwa changu kinavimba hapo, wala sisemi uongo.

Mwezi uliopita Baba alipata mahali pa kununua dizeli kwa bei nafuu. Palikuwa ni yadi ya mitambo ya ujenzi, nyuma ya ukuta mrefu. Siku ya kwanza laoban wa pale, mzee mwenye ndala, alitikisa kidole, akaonyesha pipa, akaonyesha barabara, akasema maneno mengi kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa huku. Mimi shuleni nasoma Kimandarini, Kichina rasmi. Katika maneno yote yale nilidaka moja tu, lililosikika kama "hongyou". Hilo nalijua vizuri. Mpishi wa shule hutuuliza kila siku kama tunataka hongyou kwenye tambi, yaani mafuta mekundu ya pilipili.

"Anasemaje?" Baba aliuliza.

Ningesema sijaelewa, ningekufa? Lakini niliona haya. Mimi, Dalila anayesifiwa soko zima, nishindwe na mzee wa ndala!

"Anatania, Baba. Anasema dizeli yake ni kali kama pilipili."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku ile tulinunua pale kila wiki, naye akawa anawaambia watu kwamba pikapu yake inakula pilipili.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunatoka Shahe na mzigo tulipokuta ukaguzi barabarani. Afisa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alitusimamisha. Nilidhani anataka leseni. Kumbe alifungua tangi, akaingiza mpira mwembamba, akavuta mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo na kuiinua juani.

Mama wee! Mafuta yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela.

"Hongyou," afisa alisema kwa Kimandarini safi. "Haya ni mafuta ya boti na mitambo. Hutiwa rangi ili yatambulike yakiingizwa kwenye gari la barabarani, kwa sababu hayajalipiwa kodi kama mengine. Watu wanayaleta kwa magendo. Ni nani amewauzia? Na mlijua?"

Neno ni lile lile, pilipili hamna! Nikakumbuka kile kidole, lile pipa, ile barabara. Yule mzee alikuwa anatuonya, na mimi nikafanya mzaha.

Nilimtafsiria Baba. Uso wake ulibadilika. Pikapu ile ndiyo kazi yake yote. Ikitaifishwa, tutarudi Unguja mikono mitupu.

"Magendo? Mimi?" Baba aliweka mkono kifuani. "Mwambie hakuna aliyenieleza! Mwambie naapa, naapa kwa Mungu, yule laoban hakunieleza kitu…"

"Baba, usiape!"

Nilipiga kelele mpaka afisa akageuka. Baba alinitazama, mdomo wazi.

"Alikueleza," nilisema, machozi yakinitoka. "Siku ya kwanza. Mimi sikuelewa, nikakudanganya kuwa anatania. Niliona haya, Baba."

Mara Baba alimtazama afisa, mara marobota, mara mimi. Mwisho akasema, "Mwambie hivyo hivyo."

"Lakini Baba, tukisema tulionywa, si watachukua gari?"

"Mwambie laoban alisema, na sisi hatukuelewa. Na mwambie mimi niliona bei ile si ya kawaida, nikafumba macho. Usipunguze hata neno moja, Dalila."

Nilisema yote. Afisa alisikiliza, akaandika, akaita wenzake. Tuliwaonyesha ile yadi na mapipa yakafungiwa. Pikapu ilizuiliwa siku tatu; dizeli ikatolewa, tangi likasafishwa, Baba akatozwa faini. Abdulsalam alikuja kuyachukua marobota. Siku ya nne tulirudishiwa gari na onyo kali la maandishi.

"Ungesema hukuambiwa, nisingekuamini," afisa alimwambia Baba. "Mzee wa yadi keshatueleza kwamba huwaonya wote."

Nilimtafsiria Baba maneno hayo. Hatukuwasha gari mara moja. Baba alishika usukani, akavuta pumzi.

"Dalila, ungeniambia siku ile kwamba hujaelewa, ningekugombeza?"

"Hapana, Baba."

"Ningemwita mtu mwingine, basi. Kutojua neno si aibu. Hata mimi miaka yote hii bado sijui. Lakini ulipojifanya unajua, ulinipa uongo nami nikauamini, na kidogo tu ningeuapia mbele ya Mungu." Akanigeukia. "Na mimi nina langu. Bei ile ilinishangaza na sikuuliza, kwa sababu sikutaka kujibiwa. Sote wawili tuliogopa kuuliza."

Nilimwomba radhi. Baba akanishika bega.

"Kuanzia leo, likikushinda neno, niambie: Baba, hili limenishinda. Hapo ndipo nitajua kwamba yale mengine yote unayonitafsiria ni ya kweli."