Uzi wa Kipimo cha Alya

"Simama wima, mwanangu. Usijikunje."

Azzan alijibanza ukutani, visigino vimegusa tofali. Shangazi yake, Bimdogo, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, akamwekea ncha ya uzi mwekundu utosini na kuuteremsha taratibu. Uzi ukaishia juu ya kifundo cha mguu.

"Si wako," Bimdogo akashusha pumzi. "Alhamdulillah. Si wako."

"Shangazi, huu uzi tu. Wallah unanitisha bure."

"Uzi tu? Mimi naosha maiti wa kike hapa Ibra mwaka wa ishirini na sita huu. Kila maiti nampima kwa uzi, utosini mpaka unyayoni, na uzi ule ndio unaokwenda kwa wachimba kaburi. Uzi aliopimiwa mtu mimi naujua nikiushika tu. Tena huu una mafundo. Hili la kichwa, hili la kifua, hili la kiuno."

Alikuwa ameukuta asubuhi ile alipofungua sanduku la bibi harusi ili azifukize nguo zake kwa udi. Bibi harusi alikuwa amekuja nalo kutoka kwao Sur kujaribu nguo ya milka, akdi ya ndoa ambayo ingefungwa huko huko Sur Alhamisi baada ya alasiri. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Uzi ulikuwa chini kabisa, umekunjwa ndani ya nguo ya kusalia.

Mlangoni walisimama wasichana wawili. Mmoja alikuwa Alya, bibi harusi mwenyewe, rangi imempotea usoni. Wa pili alikuwa Hajar, binti ami yake Azzan, fundi wa nguo, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni. Mkononi alishika nguo ya kijani ya milka, aliyokuwa amekuja kuijaribisha.

"Alya, mwanangu, njoo wewe."

Alya akaenda na kusimama pale pale aliposimama Azzan. Ncha ikawekwa utosini. Uzi ukashuka, ukafika chini, ukagusa sakafu bila kuzidi wala kupungua.

"Ya Rabbi!" Bimdogo akamkumbatia. "Mtoto wa watu kapimiwa kaburi lake yu hai! Nani kakufanyia haya, mwanangu? Nani?"

Bimdogo akageuka polepole, macho yake yakatua kwenye futi ya Hajar.

"Shangazi, mbona unaniangalia hivyo?"

"Nani aliyempima Alya wiki mbili zilizopita?"

"Mimi. Ulitaka nishone kwa kubahatisha?"

"Na nani aliyekuwa akitajwa kwa Azzan kabla ya Alya?"

"Lahaula! Shangazi, mimi nilipima kifua, kiuno na urefu. Kichwa nimpime cha nini? Nguo ina kichwa?"

"Usinifanyie mzaha, Hajar."

"Sifanyi mzaha. Wewe ndiye unayenifanyia sihiri hapa, mchana kweupe."

"Shangazi, ngoja kwanza," Azzan aliingilia.

"Nyamaza wewe! Hujui wivu wa mwanamke." Bimdogo alikuwa ameshaishika simu yake. "Nampigia baba yake Hajar. Nawapigia ami zako wote. Leo leo wajue wana nini nyumbani. Hajar, toka. Na nguo yako ichukue, hataivaa mtu."

Hajar akaikumbatia nguo ile kifuani. Neno kama lile likitoka nje ya nyumba, Ibra nzima ingelijua kabla ya magharibi. Nani angempelekea tena nguo ya kushona? Nani angemletea posa?

Njia nyepesi ilikuwa wazi mbele ya Alya. Angekaa kimya tu. Angehurumiwa, angesomewa, angeolewa Alhamisi. Alifumba macho akamwomba Mola wake ulimi tu.

"Uzi ni wangu, Shangazi."

"Najua ni wako, mwanangu. Wamekupimia."

"Sikupimiwa kwa siri. Nilisimama mwenyewe nikapimwa. Miaka mitano iliyopita, ng'ambo kule Wales, nilipokuwa nasoma famasia. Hajar hajui lolote."

Bimdogo aliiteremsha simu. Azzan akasogea hatua moja.

"Alya, unasema nini?"

"Kaa, Azzan. Nakuomba ukae."

Hakukaa.

"Mwaka wa korona," Alya alianza, "Mama alifariki Sur. Ndege zilikuwa zimesimama. Mama yangu anaoshwa, mimi naangalia ukuta wa hosteli. Sikumwona, sikumsalia, sikumtupia hata udongo. Jirani yangu alikuwa mama mmoja anaitwa Gwen, muuguzi mstaafu. Akawa ananiletea supu mlangoni kila siku. Alikuwa na kundi lake la watu tisa. Dini yao inaitwa Wika."

"Dini ya nani hiyo?" Bimdogo aliuliza.

"Wanakutana mwezi ukiwa mpevu, bustanini kwake. Wanachora duara ardhini kwa ncha ya kisu, wanaita pande nne za dunia, kisha wanamwomba mungu wa kike wa mwezi na mume wake wa msituni, mwenye pembe. Wana sikukuu nane kwa mwaka, jua na misimu inavyogeuka. Gwen ndiye kuhani wao. Kuna daraja tatu, na huingizwi ya kwanza mpaka ungoje mwaka mmoja na siku moja."

"Wachawi."

"Wenyewe wanajiita hivyo, na hawaoni haya. Lakini sharti lao la kwanza ni kutomdhuru mtu. Wanaamini utakalolifanya litakurudia mara tatu. Sikumsikia hata mmoja akimwombea mwenziwe baya."

"Na uzi?"

"Siku ya kuingizwa unapimwa. Utosini mpaka chini, kichwa, kifua, kiuno, na kila kipimo kinafungwa fundo. Uzi unabaki kwa kundi. Ndiyo ahadi yako kwao."

Azzan alizungumza kwa sauti ndogo. "Na wewe uliomba? Uliuomba mwezi?"

"Niliomba."

"Astaghfirullah," Bimdogo alisema, akakaa kitandani.

"Nilingoja mwaka wangu, nikaingizwa, nikakaa nao miezi mitano," Alya aliendelea. "Kisha nikatoka. Nilishahadia upya peke yangu, chumbani, na tangu siku hiyo sijaacha sala. Mwaka huu nikamwandikia Gwen anirudishie kipimo changu. Barua yake imo sandukuni, isomeni. Uzi umefika kwa posta wiki tatu zilizopita."

"Mbona hukuuchoma?" Azzan aliuliza.

"Nilitaka nikuonyeshe wewe kwanza, Azzan. Nisiwe nimekuficha."

"Ungenionyesha lini?"

Alya aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza, Alya. Lini?"

"Baada ya milka."

Azzan alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha. "Baada ya milka! Nikishafungwa! Miezi minane nakuuliza, 'Wales ilikuwaje?' Unanijibu, 'Baridi.' Miezi minane, Alya, baridi!"

"Niliogopa kukupoteza."

"Bas. Khalas."

Akachukua ufunguo wa gari. Wakasikia mlango wa nje, kisha injini. Hajar aliiweka nguo ya kijani juu ya kiti, akamwangalia Alya, akaondoka. Bimdogo akaviringisha uzi, akautia ndani ya bahasha pamoja na ile barua.

"Rudi kwa baba yako, mwanangu," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Alya zaidi.

*

Jumatano asubuhi Alya aliandika kutoka Sur:

"Azzan, sikuombi unioe. Nakuomba unisamehe kwa kukuficha. Baba nimemwambia yote. Amelia, kisha akaniambia nimpikie chai."

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Azzan alikuwa Manah, kwenye shamba la mitende aliloachiwa na baba yake, amekaa kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, miguu majini. Alikuwa ameshasali rakaa mbili za kuomba mwongozo, akasali nyingine, na bado kifua hakikufunguka. Simu ikaita. Hajar.

"Uko wapi, mwanamume?"

"Manah."

"Unahesabu tende?"

"Hajar, sina hali ya mzaha."

"Na mimi sina. Nisikilize. Jana pale jina langu lilikuwa limeshakufa. Shangazi kashika simu. Wewe ulisema 'Ngoja kwanza' tu, ukanyamazishwa, ukanyamaza. Unakumbuka?"

Azzan akaitoa miguu majini.

"Ndugu yangu wa damu alinyamaza. Mgeni ndiye aliyenikinga, na alijua litamgharimu nini. Mtu akikwambia huyo si mwenye kumcha Mungu, mwambie aje aniulize mimi."

"Lakini alinificha, Hajar."

"Alikuficha, kweli. Mkasirikie, una haki. Lakini jiulize, angekaa kimya jana, leo ungekuwa wapi? Ungekuwa kwa kinyozi, unafurahi. Na mimi ningekuwa mchawi wa Ibra." Akashusha sauti. "Na usije ukadhani nakutaka. Sikukutaka tangu ulipokuwa na meno ya mbele peke yake."

Kwa mara ya kwanza tangu jana yake, Azzan akatabasamu. Baada ya sala ya adhuhuri akampigia Alya.

"Assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam." Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nina swali moja. Unijibu kweli, hata kama kweli itaniumiza. Ulipotoka kwenye lile kundi, ulitoka kwa sababu ya nani? Uliogopa watu? Ulitaka kuolewa?"

"Wewe nilikuwa sijakujua bado, Azzan."

"Basi kilikutoa nini?"

Alya alivuta pumzi. "Ilikuwa usiku wa mwezi. Tumesimama duara, kila mtu zamu yake anamwita yule mungu wao kwa jina. Zamu yangu ikafika. Nikafungua mdomo, likatoka 'Ya Allah.' Nikaona haya. Gwen akasema, jaribu tena, taratibu. Nikajaribu. Likatoka lile lile. Nikaanza kulia. Nilikuwa sijalia tangu Mama alipofariki."

"Wakakufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu. Gwen alinikatia njia kwenye duara kwa kile kisu chake, akaniambia, 'Nenda kwa huyo unayemwita.' Nikaenda, Azzan. Nilitembea mpaka hosteli nikisema neno hilo moja tu, maana mengine yote yalikuwa yamenipotea."

Alya alisikia maji ya falaji, akadhani simu imesahauliwa ukingoni.

"Azzan?"

"Nipo."

"Unalia?"

"Nimekaa juani muda mrefu," alisema, akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Alya, na mimi nikwambie kweli yangu. Nilichokasirikia si ule mwezi. Toba yako ni baina yako na Mola wako, mimi nani niikague? Nilikasirika kuwa hukuniamini. Kuanzia leo, mimi na wewe hakuna 'baada ya.' Ukiwa na zito, nipe siku ile ile. Hata usiponipikia mwaka mzima, hilo nipe."

"Nitakupa."

"Na mimi nitakupa. Jana nilimwacha Hajar asimame peke yake. Hilo ni zito langu, nakukabidhi wewe wa kwanza."

*

Alhamisi, kabla ya alasiri, gari mbili kutoka Ibra zilisimama mbele ya nyumba ya Mzee Khalaf, babake Alya, mjini Sur. Wanaume wakaingia majlisi, sebule ya wageni. Bimdogo alipita moja kwa moja chumbani kwa bibi harusi, bahasha mkononi, Hajar nyuma yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Bimdogo akafunga mlango, akakaa kitandani, akautoa uzi. "Barua ya yule mama nilimpa Azzan anisomee. Kaandika kuwa hawakudai kitu, na anakuombea amani. Dini yake siitaki, ilivyo batili. Lakini supu aliyokuletea siwezi kuikana. Mimi nilikuwa wapi siku zile? Sisi sote tulikuwa wapi?"

Akainamia fundo la kiuno, akalisomea kinga zake, akalifungua kwa kucha. Akafungua la kifua. La kichwa lilikuwa limekaza. Alihangaika nalo, jasho likamtoka, akakataa mkasi wa Hajar. Lilipofunguka akautia uzi wote kwenye chetezo, juu ya makaa yaliyokuwa tayari kwa udi. Ukawaka mara moja, ukaisha.

"Nisikilize, Alya. Kipimo cha mtu huchukuliwa mara moja, siku yake ikifika, na anayekichukua ni mtu wake. Nikikutangulia mimi, utanipima wewe, maana nitakufundisha kazi hii. Mama yako hukuwahi kumwosha. Wapo mama wa wenzako. Umekubali?"

Alya akaitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka, akaubusu mkono wa Bimdogo. Bimdogo akamgeukia Hajar.

"Na wewe, nilikudhulumu. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako."

"Nimekusamehe, Shangazi. Lakini nguo yako ya Idi usinihimize."

Hajar akaifunua nguo ya kijani, akamvisha Alya, akarudi nyuma kuangalia. Mabega yalikaa vizuri, kiuno kikapwaya.

"Siku mbili tu umekonda hivi? Mtu atadhani nimemshonea shangazi." Akaitoa futi shingoni. Mkono wake ukasita hewani, akamwangalia Alya. "Naweza?"

"Wewe naomba unipime."

Mlango ukagongwa. Sauti ya Azzan ikatoka nje, ya haraka, ya mtu aliyekatazwa kuja upande ule na bado amekuja.

"Mmemaliza? Kadhi amekaa, mashahidi wanakuja kumuuliza kama anakubali!"

"Ngoja nje huko, ya Azzan!" Bimdogo alimkemea. "Umengoja miezi minane, dakika kumi zitakuua?"

Hajar akaizungusha futi kiunoni mwa Alya, pini tatu zimebanwa midomoni.

"Simama wima, mwenzangu," alisema. "Usijikunje."