Kyakimwa Anatafuta Nyumba

Rond-point, mzunguko wa barabara wa Butembo, asubuhi si mahali pa mtu kusimama akifikiri. Motari wa pikipiki wanapiga honi, chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zenye magunia ya viazi zinateremka mbio na wenye nazo wanapiga kelele watu wapishe. Siku hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima. Kyakimwa alisimama mbele ya duka la simu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alikuwa mama wa miaka sitini na mitatu, mrefu, amevaa kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, na juu yake sweta nyeusi. Kilemba alikifunga kama siku ya misa. Alikuwa akimngoja komisioneri, mtu anayeonyesha watu nyumba za kupanga.

Kando yake mzee mmoja mwenye koti la kahawia na kofia ya sufu alikuwa anaongea kwenye simu.

"Ésaïe, mie niko hapa tangu zamani. Weye uko wapi? … Mbele ya duka la telefone, ndiyo. Karibu na mama mumoja wa kitenge muzuri sana."

Kyakimwa aligeuka. "Papa, na weye unangojea Ésaïe?"

"Ndiyo, mama. Juu ya nyumba ya muzee, ya mutu kukaa peke yake."

"Ile ya Furu?"

"Ile ya Furu. Aliniambia hakuna mutu mwingine anayeijua."

"Na mie aliniambia vile vile!"

Walitazamana, kisha wakacheka. Ésaïe alipofika, suti imembana na jasho linamtoka, aliwakuta wanaongea kama watu wa mtaa mmoja. "A, mumekwisha kujuana! Ni vizuri," akasema bila aibu, akatangulia.

Nyumba hiyo ya mtaa wa Furu ilikuwa nyuma ya jengo la ghorofa, mwisho wa ngazi za udongo. Yule mzee, jina lake Henri Kitsa, alishuka akishikilia ukuta kwa sababu ya goti lake. Chumba kilikuwa kizuri, lakini choo kilikuwa chini kabisa, karibu na kijito.

"Na usiku, kama mvua inanyesha, mutu anashukaka kule?" Kyakimwa akauliza.

"Mama, atabeba parapluie," Ésaïe akajibu.

"Na abebe padri pia," Henri akasema, "juu akianguka, apewe sakramenti pale pale."

Kyakimwa alicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya kitenge. Ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo.

Alikuwa mjane. Miaka mingi aliuza vitenge katika soko la Beu, kule Beni. Usalama ulipoharibika mtaani kwake, binti yake Bénite alikuja kumchukua, akamleta Butembo. Bénite alikuwa binti mwema, na mume wake mkwe mwenye heshima. Lakini Kyakimwa alilala chumba kimoja na wajukuu, redio yake ilizimwa walipokuwa wanasoma, na akitaka kupika maharagi kwa namna yake, mfanyakazi wa jikoni alimtazama kama mgeni. Shamba lake la Musienene lilimpa chakula na kitu kidogo cha kuuza. Alitaka mlango wake mwenyewe. Alipomwambia Bénite, binti alilia: "Mama, batu batasema nilikufukuza!"

Henri alikuwa ameendesha lori maisha yake yote, Kasindi, Butembo, Bunia. Mke wake alishafariki, mtoto wake wa pekee alikuwa Kisangani. Aliishi ghorofani kwa mdogo wake, juu ya duka la misumari na mabati, na kila siku zile ngazi zilimtesa.

"Mama, tufanye hivi," alimwambia Kyakimwa walipokuwa wanapanda kutoka Furu. "Ésaïe akituita, tuende pamoja. Mie nitaangalia paa na milango, weye utaangalia mayi na majirani."

"Na tukipata nyumba muzuri?"

"Tutagombana."

Basi wakazunguka. Waliona nyumba ya Kimemi yenye vigae vinavyong'aa, lakini mwenyewe alikataza wageni jioni. "Ni nyumba ama ni pensionnat ya banafunzi?" Kyakimwa akanong'ona. Waliona nyingine iliyopakana na mashine ya kusaga mihogo. Kuta zilitetemeka na unga ulishuka juu ya koti la Henri mpaka akawa kama mwokaji. Nyingine ilikuwa nzuri kwa kila kitu, ila bei yake ilikuwa ya mfanyabiashara wa Dubai. Siku hizo zote Kyakimwa hakukosa sababu ya kubadilisha kitenge, na Henri alinyoa ndevu ambazo zamani alizinyoa Jumapili tu.

Jioni simu iliita.

"Mama Kyakimwa, ulikula?"

"Nilikula viazi na samaki ya Kyavinyonge."

"Na mie nakula mukate na chai. Hiyo ni haki kweli?"

"Kuya basi siku ya yenga, tukitoka misa, Bénite atakupikia."

"Nataka ya mikono yako."

"Papa Henri! Bajukuu bananisikia."

"Basi sema pole pole, chérie."

"Chérie! Na meno yako ile inabaki!"

"Inayobaki ni ya kucheka na weye."

Alikata simu haraka, lakini wajukuu walishaona namna bibi yao alivyokuwa anatabasamu.

Nyumba waliyoitafuta waliipata Vutetse, kwa mama Mwislamu aliyeitwa Hadjara. Marehemu mume wake alikuwa na malori, na baada ya kifo chake Hadjara aligeuza gereji yake kubwa kuwa makao madogo ya wazee wanaoweza kujihudumia. Yote yalikuwa chini, bila ngazi. Kila moja lilikuwa na chumba, sebule, jiko dogo, na choo cha ndani chenye chuma ukutani cha kushikilia. Tangi lilipokea maji ya mvua. Baraza lilitazama jua la asubuhi, na kwenye baraza la jirani, Anne-Marie, muuguzi aliyestaafu, alikuwa anachambua mboga akiimba.

"Bei yako ni ndogo, mama. Juu ya nini?" Henri aliuliza.

"Sitafute utajiri kwa bazee," Hadjara alijibu. "Natafuta majirani. Nyumba hii ilikuwa na kelele ya batu, sasa nasikiaka tu kuku."

Henri alifungua mlango na kuufunga, akazungusha ufunguo, akaridhika. Kyakimwa alifungua bomba, akaonja maji, halafu akaenda kukaa barazani. Alinyamaza.

"Mama, iko nini?"

"Niko naona mahali ya kuweka kitanda yangu."

"Imebaki moja tu," Hadjara akasema. "Inakuwa ya nani?"

"Yake," wakajibu wote wawili kwa mara moja.

Hadjara aliinua nyusi, akaficha tabasamu katika mtandio wake. "Basi mupatane. Nawangojea mpaka siku ya Ijumaa. Kuko mutu mwingine anaitaka."

Henri alimwachia nyumba, lakini Kyakimwa hakutaka kuiingia bila kumwambia mtoto wake mkubwa, Kambere, aliyekuwa Beni akifanya biashara ya kakao. Mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Henri alimsindikiza mpaka pale magari ya Beni yanapopakia, akimbebea mkoba.

"Siku utarudi, nikikuuliza kintu, utanijibu?" akamwuliza.

"Inategemea na kintu."

"Kintu ya muzuri."

"Basi nitarudi mbele ya Ijumaa," Kyakimwa akasema, na akatazama dirishani mpaka ile kofia ya sufu ikapotea kati ya motari.

Beni joto lilimpokea, na harufu ya kakao inayoanikwa. Kambere alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Mama yangu apange nyumba? Akae peke yake kama mutu hakuzaa? Hapana, mama. Utakaa hapa kwangu."

Kabla hawajamaliza mazungumzo hayo, malaria ikamwangusha Kyakimwa. Alikuwa kitandani akitetemeka, wala hakujua tena siku. Simu yake ilikuwa sebuleni inachajiwa, na siku ya Alhamisi iliita. Kambere aliichukua.

"Mama Kyakimwa?" sauti ikasema. "Unarudi kesho?"

"Ni mutoto wake. Weye ni nani?"

"Mie ni Henri. Niko namuuliza tu juu ya nyumba …"

"Papa, mama hatarudi Butembo. Alikubali kubaki hapa. Donc, tafazali, usimupigie tena."

Henri aliirudisha simu mfukoni. Hakuwa na sababu ya kutoamini. Mtoto wa mtu anajua mambo ya mama yake. Siku iliyofuata Hadjara alipomwuliza, alijibu, "Yeye hakuyi tena. Nitaingia mie." Goti lake lilihitaji nyumba isiyo na ngazi, hilo ni kweli. Ila alitaka pia kukaa kwenye lile baraza ambapo Kyakimwa alikuwa amenyamaza.

Kyakimwa alipopata nguvu za kushika simu, alimpigia Hadjara kumwomba radhi.

"Pole na ugonjwa, mama," Hadjara alisema. "Mais Papa Henri alikwisha kuingia."

"Aliingia peke yake?"

"Peke yake."

Aliishusha simu taratibu. Alijiambia kwamba mwanaume yule alimhitaji kwa macho yake tu, ya kuangalia maji na majirani, na alipopata nyumba alimsahau. Hata kumpigia kuuliza kama bado yuko hai, hakupiga. Bénite alipouliza anarudi lini, Kyakimwa alijibu, "Nitabaki Beni kwanza." Siku zikapita. Alichambua maharagi, alienda misa, alirudi. Vitenge vizuri vilibaki katika sanduku.

Masika, mke wa Kambere, aliona. Alasiri moja, wakiwa wawili tu wanageuza kakao juu ya turubai, alisema bila kuinua macho:

"Mama, unamufikiri yule papa wa Butembo?"

"Papa gani? Yule aliyenisahau?"

"Hakukusahau. Alipiga siku ulikuwa mugonjwa. Kambere alimujibu kama ulikubali kubaki, asikupigie tena. Nilinyamaza juu ni bwana yangu. Mais nikikuona hivi, chakula hainipiti."

Kyakimwa aliacha kugeuza kakao. Jioni, Kambere alipomaliza kula, alimwita akae karibu.

"Kambere, ulimujibu mutu kwa kinywa yangu?"

Kambere alitazama chini. "Mama, batu batasema tulikutupa."

"Batu gani? Nilitoka kwa baba yangu Musienene, nikaingia kwa baba yenu. Alikufa, nikaenda kwa Bénite, sasa niko kwako. Sijalala hata siku moja katika nyumba ile ufunguo yake iko mukononi mwangu. Naomba hiyo mbele ya kufa. Weye unaniambia batu?"

"Na yule papa?"

"Yule papa ni mambo yangu. Sijakuuliza juu ya Masika siku ulimuleta."

Masika aliingia jikoni haraka ili asicheke mbele ya mume wake. Kambere alisugua viganja vyake vilivyochafuliwa na kakao. Mwishoni akasema, "Nisamehe, mama." Kulipopambazuka alimpeleka mwenyewe kwenye magari, akamlipia kiti cha mbele.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika Kyakimwa alipofika Vutetse. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani alichokinunua njiani bila kupatana bei. Henri alikuwa barazani, koti lile lile, ndevu zimeota. Alisimama ghafla mpaka goti likalia.

"Mama Kyakimwa! Walisema …"

"Najua bile walisema. Sikusema mie." Akaweka mkoba chini. "Na weye, Henri Kitsa, uliendesha lori mpaka Bunia kwenye barabara ya matope, na neno moja ya mutoto wangu ikakurudisha?"

Henri alivua kofia. "Niliona haya. Nilijiuliza mama kama weye atafanya nini na muzee wa goti mubovu. Nikaona kweli ulichagua batoto." Akamnyooshea ufunguo. "Chukua. Nyumba ni yako. Nitarudi kwa mudogo wangu leo."

"Ulitaka kuniuliza kintu."

"Sasa?"

"Sasa. Sitasimama hapa mpaka mvua irudi."

Anne-Marie, kwenye baraza lake, aliacha kuimba.

"Kyakimwa," Henri akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeingia kwenye daraja bovu, "nataka unioe. Hapana … nataka nikuoe."

Kyakimwa alicheka kwanza. Kisha akaketi, akafikiri kwa utulivu, kama alivyofikiri juu ya maji na choo na majirani.

"Nakubali," akasema. "Mais hapana leo. Nipe kwanza nikae humu peke yangu. Nipike peke yangu, nifunge mulango peke yangu, nisikie ile kimya. Tutafunga ndoa kisha mavuno ya maharagi. Utaweza kungoja?"

"Nitangoja. Na ngazi za mudogo wangu …"

"Ngazi gani?" Hadjara alisema kutoka kwenye lango, haikujulikana alikuwa amesimama pale tangu lini. "Chumba ya sentinelle iko tupu. Papa Henri atalala pale. Nitapata mulinzi ya bure."

Ikawa hivyo. Kyakimwa alilala katika nyumba yake, ufunguo chini ya mto. Asubuhi alifungua redio kwa sauti aliyoitaka. Siku nyingine hakuongea na mtu mpaka mchana, na ilikuwa tamu. Siku nyingine alimwita Henri kwa simu, ingawa angeweza kumwita kwa dirisha.

"Allô, mulinzi?"

"Ndiyo, mupenzi."

"Maharagi iliiva."

"Niko njiani. Niko natoka mbali sana."

Bénite alikuja na watoto, akaona chuma cha ukutani, akaona Anne-Marie jirani, akaonja maharagi. Akaacha kulia.

Jumapili moja baada ya misa, gari lilisimama langoni, Kambere akashuka, amevaa suti, na Masika nyuma yake. Alisalimia kila mtu, akakaa, akanywa chai. Kisha akamgeukia Henri kwa uso mkavu.

"Papa, nasikia unataka kuoa mama yetu."

"Ndiyo, mutoto wangu."

"Na mbuzi iko wapi?"

"Kambere!" Kyakimwa akashtuka kusikia mahari yake ikidaiwa. "Mali gani, na hii mvi yangu?"

"Mama, mali ni mali. Mwanamuke wa Musienene hatokake bure." Na hapo uso wake ukashindwa kubaki mkavu, alicheka, akasimama, akamshika Henri mkono kwa mikono yake miwili.

Siku ya soko iliyofuata, Henri alipanda Musienene kutafuta mbuzi. Kyakimwa alipanda naye, maana, alisema, mwanaume aliyemaliza maisha yake ndani ya lori hajui kuchagua mbuzi, na yeye hakutaka kuolewa kwa mnyama aliyekonda.